Kioo Cheusi cha Olkaria na Kazi ya Kupima Mwanga

Leo tutazungumza juu ya kioo na mwanga: jinsi vioo vya kisasa vinavyotengenezwa, na zaidi ya hapo, jinsi vinavyopimwa. Hilo la kupima ndilo linalonishughulisha, na nitalirudia mara kadhaa kabla hatujaagana.

Nianze na kitu ambacho wengi wenu mmekikanyaga. Ukiingia katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, na kuelekea upande wa Olkaria, penye mitambo ya umeme wa jotoardhi, utaona kando ya njia vipande vya jiwe jeusi linalometameta. Jiwe hilo ni obsidiani. Nalo ni kioo, kioo halisi, ila mtengenezaji wake ni volkano. Lava yenye silika nyingi ilipoa upesi mno, chembe zake zisipate nafasi ya kujipanga, ikagandia hapo hapo ikawa kioo.

Watu wa Bonde hili la Ufa walikijua kioo hicho zamani sana. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1920, kuna mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa obsidiani na watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Na mwaka 2018 watafiti wa Olorgesailie, huko Kajiado, walitangaza kwamba watu wa miaka takriban 300,000 iliyopita walitumia obsidiani iliyotoka makumi ya kilomita mbali na pale walipoishi. Sasa jiulize: watafiti walijuaje jiwe limetoka mbali? Jiwe halisemi. Walijua kwa sababu walilipima. Kila mlima una mchanganyiko wake wa madini, obsidiani ya Eburru si sawa na ile iliyo jirani na ziwa Naivasha, na ukimulika kipande kwa miale ya eksirei, madini yake hutoa miale yake yenyewe ambayo mashine inaisoma. Kwa kipimo hicho jiwe linarudishwa mlimani kwake.

Haya, sasa nina swali. Ikiwa obsidiani ni kioo, mbona ni nyeusi? Mbona huwezi kuiweka dirishani? Chukua kipande chembamba, kielekeze juani, utaona ukingo wake unapitisha mwanga kidogo. Ongeza unene kidogo tu, giza. Sababu kubwa ni chuma. Lava ya Olkaria ina chuma, na chuma hunyonya mwanga. Nawaomba mkumbuke hilo, wasikilizaji, kwa sababu chuma hicho hicho ndicho kilichosumbua wataalamu wa mawasiliano wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi.

Mwaka 1966, katika maabara moja ya simu pale Harlow, Uingereza, mhandisi mzaliwa wa Shanghai, Charles Kao, pamoja na mwenzake George Hockham, waliandika kwamba inawezekana kupitisha simu ndani ya uzi wa kioo, kwa kutumia mwanga badala ya umeme. Wengi hawakuamini, na walikuwa na sababu. Katika nyuzi za kioo za wakati ule, mwanga ukisafiri mita 20 tu ulibaki asilimia 1. Mita 20! Hapo hujatoka hata uani. Nani atapitisha simu humo?

Kao aliweka lengo: apatikane uzi ambao mwanga ukisafiri kilomita nzima ndani yake, ibaki asilimia 1 hiyo. Lakini sikilizeni alichofanya baada ya hapo, kwa maana ndicho kinachonivutia kuliko lengo lenyewe. Hakukimbilia kujenga tanuri. Alianza kupima. Alikusanya kioo cha kila aina, na mwaka 1969 yeye na mwenzake aitwaye Jones wakaonyesha kwa vipimo kwamba silika safi kabisa hupoteza mwanga kidogo mno. Kioo chenyewe, basi, hakikuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya uchafu uliomo: chuma, shaba, na chembe za maji. Kupima kipande kifupi cha kioo kinachopoteza mwanga kidogo hivyo ni kazi ngumu ajabu, maana unatafuta tofauti ndogo kuliko makosa ya chombo chenyewe. Ilibidi watengeneze chombo kipya cha kupimia ndipo ukweli uonekane.

Mwaka uliofuata, 1970, watu watatu wa kampuni ya Corning huko New York, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wakatengeneza uzi uliolipita lengo la Kao. Leo je? Leo uzi wa kawaida, ule unaopita chini ya barabara zetu, hubakisha asilimia 1 ya mwanga baada ya kilomita 100. Tupange tena pole pole kwa anayesikiliza huku akifanya kazi: zamani mita 20, halafu kilomita 1, leo kilomita 100. Kutoka Naivasha mwanga unaingia Nairobi na kupita, na bado kuna kitu cha kusoma. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, na ni mwaka huo huo ambapo nyaya za kwanza za kioo kutoka baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa.

Hapo ndipo ninapopata hoja yangu ya leo. Maendeleo ya vioo hayakuletwa na moto peke yake. Kila mara kioo kilipokuwa bora, aliyetangulia mbele alikuwa mpimaji.

Sasa tuingie kiwandani kidogo. Uzi wa kioo, ambao sisi tunauita faiba, unatengenezwaje? Watu wengi hudhani mchanga unayeyushwa kisha unavutwa. La. Mchanga, hata ukiosha vipi, una chuma ndani yake. Wanachotumia ni silikoni iliyounganishwa na klorini. Hiyo ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto karibu 58 tu. Chuma kikiunganishwa na klorini huchemka kwenye joto kubwa zaidi, kwa hiyo ukikeneka kimiminika hicho, silikoni hupanda na mvuke na chuma hubaki chini. Mvuke huo safi huchomwa pamoja na oksijeni ndani ya bomba, ukageuka masizi meupe ya kioo, na masizi hayo huyeyushwa yakawa fimbo nene. Katikati ya fimbo huongezwa jemaniamu kidogo ili mwanga ukiingia usitoke pembeni.

Fimbo hiyo hupelekwa juu ya mnara, huwashiwa tanuri la nyuzi joto karibu 2,000, na kioo huanza kushuka kama uzi. Unene unaotakiwa ni mikromita 125, yaani sehemu ya nane ya milimita moja, na njia ya mwanga iliyo katikati ni mikromita 9 au karibu na hapo. Uzi unashuka mita 20 na zaidi kwa sekunde. Nani atausimamia? Jicho haliwezi. Anayesimamia ni leza. Mwale wa leza hupita ubavuni mwa uzi, husoma unene bila kuugusa, na habari hizo hurudi papo hapo kwenye mashine inayovuta: uzi ukinenepa, mashine huongeza mwendo, ukipungua, hupunguza. Kiwanda kizima kinaongozwa na kipimo. Zima ile leza, na baada ya muda mfupi una kilomita nyingi za kioo kisichofaa kuuzwa.

Kuna swali ambalo huulizwa sana katika mikutano ya vijana wa Nakuru, nalo ni la haki. Bonde letu limejaa silika. Kariandusi kuna diatomaiti, ule udongo mweupe unaochimbwa tangu miaka ya 1940, ambao ni mabaki ya viumbe vidogo vya ziwani vyenye maganda ya silika. Na Olkaria kwenyewe, maji ya moto yanayopanda visimani yamebeba silika iliyoyeyuka. Maji yakipoa, silika huganda ndani ya mabomba, na wahandisi hupambana nayo kila siku. Sasa kwa nini tusijenge kiwanda cha faiba hapa hapa?

Nitajibu kwa moyo mweupe. Silika hizo zina kazi nzuri. Diatomaiti huchuja vinywaji na hutumika katika rangi. Silika ya maji ya jotoardhi inaweza kuvunwa, wenzetu wa New Zealand wameivuna kule Ohaaki. Lakini katika bei ya faiba, silika yenyewe si kitu. Kinacholipiwa ni usafi, na usafi haupo ardhini. Usafi ni kitu unachokitengeneza, kisha unathibitisha kwa kipimo kwamba umekipata. Anayetaka kuingia katika biashara hii kwa kuonyesha mlima wa malighafi ataishia kuuza malighafi kwa gunia. Mlango wa kuingilia uko kwingine, na nitauonyesha.

Lakini kwanza niruhusuni niwasimulie habari ya kijana mmoja. Joseph Fraunhofer alikuwa yatima wa Ujerumani, mwanagenzi wa fundi wa vioo mjini Munich. Mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 14, nyumba ya tajiri wake ilimporomokea. Alifukuliwa akiwa hai, na mtawala wa nchi, aliyekuwa pale akitazama uokoaji, akampa pesa. Kijana alizinunulia vitabu na mashine ya kusagia lenzi. Baadaye aliongoza tanuri la kioo katika iliyokuwa nyumba ya watawa pale Benediktbeuern. Tatizo lake lilikuwa hili: kila kioo alichokiyeyusha kiliupinda mwanga kwa namna yake, na hakuwa na alama ya kudumu ya kupimia upindaji huo. Akatazama mwanga wa jua kupitia mche wa kioo, na kati ya rangi za upinde akaona mistari myeusi, mamia yake, isiyohama. Akaitumia mistari hiyo kuwa rula yake. Tangu hapo aliweza kusema kioo hiki kinapinda kiasi gani, na kile kiasi gani, na lenzi zake zikawa bora kuliko za Uingereza iliyokuwa ikitamba. Wanafalaki wanaitumia mistari ile hadi leo kujua nyota zimeumbwa na nini. Lakini yeye alikuwa akitafuta tu namna ya kupima kioo chake. Alikufa mwaka 1826 akiwa na miaka 39. Kila nikisoma habari zake naona mtu ambaye hakutenganisha tanuri na meza ya vipimo. Vilikuwa kazi moja.

Na vikitenganishwa? Wengi mmesikia habari za darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990. Kioo chake kikubwa kilisuguliwa kwa ustadi usio wa kawaida, laini mno. Lakini picha za kwanza zilikuwa na ukungu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chombo kilichotumiwa kupimia umbo la kioo hicho kilifungwa vibaya, lenzi moja ikakaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Mafundi wakasugua kioo kwa uaminifu mkubwa kufuata kipimo kilichopotoka. Vipimo vingine vilivyofanywa kwa vyombo rahisi vilitoa ishara ya hitilafu, vikapuuzwa. Ukingo wa kioo ulikuwa umesuguliwa zaidi ya inavyotakiwa kwa mikromita 2 hivi, na kwa ajili ya hizo 2, wanaanga walitumwa Desemba 1993 kwenda kuifungia darubini vioo vya kurekebisha. Ustadi wa mkono haukusaidia kitu pale kipimo kilipokosea.

Basi, wasikilizaji, turudi nyumbani. Mwanga uko wapi Olkaria?

Inueni macho mtazame milingoti ya umeme inayotoka kwenye mitambo kuelekea Suswa, Nairobi na magharibi ya nchi. Kwenye njia nyingi za umeme mkubwa hapa Kenya, waya ule wa juu kabisa, ambao kazi yake ya kwanza ni kuzikinga nyaya nyingine na radi, una faiba ndani yake. Juu ya vichwa vya ng'ombe wanaolisha chini, umeme unakwenda na mwanga unakwenda, sambamba. Kampuni ya Kenya Power hukodisha sehemu ya nyuzi hizo kwa kampuni za mawasiliano, na huenda pesa ulizotuma asubuhi kwa simu zilipita humo.

Faiba ikikatika, fundi hujuaje ni wapi? Kuna kilomita nyingi za waya, porini na mjini. Hapa ndipo penye kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Fundi huwa na mashine wanayoiita OTDR. Hutuma mdundo mfupi wa leza ndani ya uzi, kisha hutulia na kusubiri. Umewahi kusimama ndani ya korongo la Ol Njorowa, kule Hell's Gate, ukaita, sauti ikakurudia? Ukijua mwendo wa sauti, muda wa kurudi kwake unakuambia ukuta uko umbali gani. Mashine hufanya hivyo kwa mwanga. Mwanga ndani ya kioo huchukua sehemu tano tu kati ya milioni za sekunde moja kupita kilomita 1, kwa hiyo mashine huhesabu muda, hugawanya, na kumwambia fundi: uzi umekatika kilomita 37 na kitu kutoka hapa ulipo. Si hivyo tu. Katika safari nzima kioo hurudisha mwanga kidogo kidogo, na mashine huchora mstari unaoshuka. Palipo na kiungo kibaya mstari unaruka chini. Palipokunjwa waya, unaruka chini. Fundi mzoefu anausoma mstari ule na kukuonyesha kila jeraha la waya bila kutoka garini.

Mnakumbuka Mei 2024? Tarehe 12 mwezi huo intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na kwingineko, kwa sababu nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika baharini upande wa kusini. Kabla meli ya matengenezo haijang'oa nanga ilibidi ijulikane iende wapi, na mahali penyewe hupatikana kwa vipimo vinavyofanywa kutoka nchi kavu. Bila kipimo hicho, meli ingetafuta sindano katika Bahari ya Hindi.

Na mwezi huo huo wa Mei 2024, kampuni ya Microsoft na ile ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria kitakachotumia umeme wa jotoardhi, katika uwekezaji wa dola bilioni 1. Mjadala hapa kwetu ulikuwa juu ya ardhi, umeme na ajira, na hayo ni ya kujadiliwa. Lakini sikusikia watu wakiuliza ndani ya kituo cha data kuna nini. Kuna kompyuta, ndiyo, maelfu kwa maelfu. Na kati ya kompyuta na kompyuta, kinachobeba sehemu kubwa ya habari ni mwanga. Kila ncha ya waya huo wa mwanga ina kifaa kidogo, cha ukubwa wa kidole hivi, chenye leza ya kutuma na jicho la kupokea. Siku hizi njia za mwanga huchorwa juu ya kipande cha silikoni, kama zinavyochorwa njia za umeme katika chipu, na huo ndio utaalamu unaoitwa fotoniki ya silikoni.

Sasa sikilizeni hapa, maana ule mlango niliowaahidi uko hapa. Kuchora chipu ya fotoniki kunahitaji kiwanda cha mabilioni, sitawadanganya. Lakini chipu ikishatoka, kazi haijaisha. Kila kipande lazima kijaribiwe: kinatoa mwanga kiasi gani, wa rangi ipi, kinapoteza kiasi gani kikipata joto. Kisha uzi wa kioo uunganishwe nacho, njia ya mikromita 9 ikae sawasawa juu ya njia nyembamba kuliko hiyo, kosa lisizidi sehemu ya mikromita. Katika vifaa vya fotoniki, sehemu kubwa ya gharama iko katika kuunganisha na kupima. Na kazi hiyo haihitaji mlima wa silika. Inahitaji chumba kisicho na vumbi, meza isiyotikisika, na mikono na macho yaliyofunzwa vizuri. Pale Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies tayari inafanya kazi za chipu. Kwa nini Nakuru isichukue upande wa mwanga?

Atakayesema haiwezekani, nitamrudisha kwenye historia ya mvuke wetu. Kuanzia mwaka 1956 vilichimbwa visima viwili Olkaria, mvuke haukutoka wa kufaa. Shughuli ikasimama. Miaka ya 1970 wataalamu wakarudi, safari hii wakapima kwanza: joto, gesi, umeme wa miamba, mitetemo. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawaka mwaka 1981. Kuanzia enzi hizo vijana wetu walikwenda Iceland kusoma katika chuo cha jotoardhi cha Umoja wa Mataifa kilichoanza kufundisha mwaka 1979, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Walirudi na elimu ya kupima kisima. Leo kampuni yetu ya kuzalisha umeme, KenGen, imechimba visima Ethiopia na Djibouti kwa malipo. Tulianza kwa kipimo, na kipimo kikatufikisha kwenye kuuza ujuzi. Sioni kwa nini mwanga uwe na kanuni nyingine.

Tena mwanga na mvuke vinakutana. Mwaka 1928 kule Kalkuta, mwanafizikia C. V. Raman aligundua kwamba mwanga ukigonga kitu, sehemu ndogo hurudi ikiwa imebadilika rangi. Ndani ya faiba, sehemu mojawapo ya mwanga huo uliobadilika huongezeka joto linapopanda. Kwa hiyo ukishusha faiba kisimani, ukatuma mdundo wa leza, uzi mzima unakuwa kipimajoto, kila mita ikisema joto lake. Kwa miaka mingi joto la kisima limepimwa kwa kifaa kinachoshushwa kwa waya, hatua kwa hatua. Faiba husoma kisima chote kwa mara moja. Je, ni rahisi hivyo? Hapana. Baadhi ya visima vya Olkaria hupita nyuzi joto 300. Plastiki inayoifunika faiba ya kawaida huungua mapema sana, ndiyo maana kuna faiba zilizofunikwa kwa dhahabu. Na gesi ya haidrojeni iliyomo katika mvuke hupenya ndani ya kioo na kukifanya kiwe na giza, kioo safi kikaanza kunyonya mwanga. Wataalamu wa vioo duniani bado wanapambana na tatizo hilo, na kisima cha moto cha kujaribia dawa yake kipo kwetu, kilomita chache kutoka Naivasha. Maabara nyingi za Ulaya zingetamani kuwa nacho.

Iceland wamekwenda mbele tena: katika rasi ya Reykjanes watafiti walitumia waya wa kawaida wa faiba ya simu, wenye urefu wa kilomita 15, kusikiliza mitetemo ya ardhi, na mwaka 2018 wakaeleza jinsi waya huo ulivyoonyesha nyufa za chini kwa chini. Mwaka huo huo barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok ilipasuka, picha zikazunguka dunia. Bonde letu lina waya, na lina ardhi inayosogea.

Basi nini kifanyike? Mimi ningeanza kwa kidogo. Maabara kuu za vipimo za Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ziko Nairobi na ndizo zinazotunza vipimo vya taifa. Fundi wa Nakuru anayetaka mashine yake ya mwanga ihakikiwe asilazimike kusafiri mbali. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kina idara ya fizikia, na mjini Nakuru kuna Rift Valley National Polytechnic. Meza moja ya vipimo vya mwanga, yenye OTDR, kipimanguvu cha mwanga, mashine ya kuunganishia nyuzi na hadubini ya kukagulia ncha, ikiwekwa mahali ambapo mwanafunzi na fundi wa kampuni wanakutana, ingetosha kuanzia. Kampuni zinazopanga kujenga vituo vya data hapa ziombwe kuchangia meza hiyo, na kaunti iwe ya kwanza kudai hivyo katika mazungumzo ya ardhi na vibali.

Nimetaja hadubini kwa sababu maalumu. Waulize mafundi wa faiba adui yao mkubwa ni nani, watakuambia uchafu kwenye ncha ya kiungo. Njia ya mwanga ni mikromita 9, na punje moja ya vumbi la Naivasha inaweza kuwa pana kuliko hiyo. Fundi mwema hukagua ncha kwa hadubini, husafisha, hukagua tena, ndipo huunganisha. Vijana wanaoanza kazi hii, shikeni desturi hiyo tangu siku ya kwanza.

Na walimu mnaonisikiliza, kesho darasani chukueni rimoti ya televisheni, muibonyeze mkiielekeza kwenye kamera ya simu, hasa kamera ya mbele. Macho hayataona kitu, lakini katika simu nyingi kioo cha simu kitaonyesha nuru ikimweka. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kuna mwanga ambao jicho haliuoni. Halafu wapeni onyo hili, nami nalitoa kwa kila mmoja wenu: mwanga unaosafiri ndani ya faiba ni wa namna hiyo, hauonekani, na unaweza kudhuru jicho. Ukikuta waya wa faiba umekatika kando ya barabara, usichungulie ncha yake na usimruhusu mtoto aichungulie. Ita wenye waya.